Soko la Kariakoo Lisibaki Jina Tupu

Jengo la Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai, 2021, wakazi wa Dar es Salaam walihuzunika kama watu waliofiwa, na walikuwa na kila sababu. Hata hivyo, yafaa leo tuseme jambo ambalo katika siku zile za msiba lisingesemeka: moto ule ulikuta soko lililokwisha kudhoofika. Tunazungumzia soko la chakula, soko la mafungu ya nyanya na matenga ya machungwa, ambalo mama wa nyumbani alilijua kabla hajaijua ofisi yoyote ya Serikali. Soko hilo lilianza kufifia miaka mingi kabla ya cheche ya kwanza.

Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na ambao kambi yao ilikuwa pale. Maelfu yao walikufa kwa njaa na maradhi katika vita visivyowahusu. Baada ya Uhuru, Serikali iliamua kuwajengea wananchi soko la heshima mahali hapo hapo, na kazi ya kulichora akapewa Mtanzania, Ndugu Beda Amuli. Shirika la kuliendesha liliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1974, na soko likafunguliwa mwaka 1975. Ndugu Amuli hakuiga ghala la Ulaya. Alisimamisha nguzo zilizotanuka juu mithili ya miavuli, zikatoa kivuli kama miti ambayo chini yake watu wetu wameuziana tangu zamani, na zikakinga maji ya mvua. Chini ya ardhi, mahali ambapo watu wamezoea kupaita shimoni, ilishushwa mizigo ya jumla. Juu wakakaa wauzaji wa rejareja. Mjenzi alifahamu kwamba mkulima, dalali, mchuuzi na mlaji wanahitajiana, akawaweka chini ya paa moja.

Je, nini kilitokea? Wako wanaosema kwamba machinga ndio waliolimaliza soko kwa kuziba njia. Hoja hiyo ni nyepesi mno. Kwanza walihama wanunuzi. Kariakoo ilikuwa mtaa wa nyumba za Kiswahili, vyumba sita na ua nyuma, na kila chumba kina jiko lake la mkaa na mtu wa kutumwa sokoni. Kuanzia mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, biashara ya vitu vya nje ilianza kutafuta nafasi, na mwenye nyumba akatambua kwamba fremu moja ya duka inamlipa kuliko wapangaji wote wa vyumba vyake. Nyumba zikavunjwa, maghorofa yakapanda, na wakazi wakaenda Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara. Mtu wa Mbagala hapandi basi kwenda Kariakoo kununua mchicha. Wakati huo huo ndizi zilipata soko lake Mabibo na nafaka Tandale, na malori yakaacha kuingia katikati ya mji. Hilo si kosa. Jiji lililokua kiasi hiki lisingeweza kulishwa kutoka mahali pamoja.

Tusieleweke kwamba tunachukia ustawi. Wafanyabiashara kutoka Zambia, Malawi, Komoro na Kongo hununua mizigo Kariakoo, na Hazina inanufaika. Tunachokataa ni kuchanganya mambo mawili. Mtaa wa Kariakoo umetajirika, na soko la Kariakoo limekondeana, na utajiri wa mmoja umechangia kumkondesha mwenziwe.

Kwa upande wa machinga, historia ya karibuni inatosha kutufundisha. Mwaka 2016 iliagizwa wasibughudhiwe. Mwaka 2018 wakapewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Mwaka 2021 wakaondolewa barabarani. Kabla ya hayo yote lilikuwa limejengwa jengo kubwa la Machinga pale Ilala, kwa mkopo, na vizimba vyake vingi vikakaa vitupu kwa miaka, wakati Mtaa wa Kongo hapakuwa na pa kukanyaga. Muuzaji mdogo hufuata miguu ya mnunuzi. Haendi mahali kwa kuwa amechorewa kwenye ramani.

Ukarabati wa jengo la Ndugu Amuli, pamoja na ujenzi wa ghorofa jipya pembeni yake, ulianza mwaka 2022 na kugharimu mabilioni ya fedha za umma. Hapo ndipo tunapopenda kuzungumza na watumishi wenzetu, maana soko hufa au kupona mezani kwa mtumishi, katika karatasi ya ugawaji wa vizimba. Mtumishi anayepima mradi kwa kodi peke yake atampa kizimba mwenye simu za mkononi na vipodozi, kwa sababu huyo ndiye anayeweza kulipa pango la miezi sita kwa mkupuo. Hesabu yake itakuwa sahihi na soko litakuwa limekwisha. Muuza mchicha hana pango la miezi sita, ana ushuru wa leo. Mwalimu, ambaye mshahara wake hauvuki tarehe 20, hanunui gunia. Ananunua fungu, na mahali ambapo wauzaji 50 wamekaa bega kwa bega bei ya fungu hujirekebisha yenyewe bila mkaguzi. (Mkaguzi tunamhitaji kwa ajili ya rumbesa, ambayo imepigwa marufuku mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na bado mkulima anafungashiwa gunia lenye kichwa.)

Kwa hiyo tunasema wazi. Shimoni na sakafu ya chini vibaki kwa chakula, na iandikwe hivyo katika kanuni, isiachwe kwa hiari ya meneja. Wauzaji wa mboga na matunda watozwe ushuru wa siku. Wale waliounguliwa mwaka 2021, ambao baadhi yao walipelekwa Kisutu na wengine kwenye jengo la Machinga, wahesabiwe kwanza kabla ya mgeni yeyote. Na kwa kuwa katika masoko yetu mengi wamekuwapo wenye vizimba ambao hawajawahi kuuza hata limau moja, bali hukodisha kwa wengine kwa bei maradufu, majina ya wote waliogawiwa yabandikwe ukutani mwa soko, kizimba kwa kizimba, mahali ambapo mpagazi na mnunuzi wanaweza kuyasoma na kuuliza mwenye jina yuko wapi.