Simu inayosoma kwa sauti: mtoto asiyeona bado yuko nje ya darasa



Ndugu zetu, siku hizi karibu kila darasa lina kundi lake la WhatsApp. Mwalimu akimaliza somo huupiga picha ubao, huituma kundini, na watoto hunakili nyumbani. Kwa mwanafunzi asiyeona, picha ile ni bubu. Mara nyingi simu yake humwambia kuwa ni picha, kisha hunyamaza.

Tukisikia habari za vifaa saidizi tunafikiria mitambo ya ghali inayongojewa kutoka kwa wafadhili. Ipo ya namna hiyo. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, inayotumika tangu 1951, ni ghali na nzito kwa mtoto kuibeba kila siku. Lakini simu nyingi za Android tulizonazo majumbani tayari zina TalkBack, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini, na sauti ya Kiswahili hupakuliwa bure. Kwa kompyuta ipo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia. Nayo haiuzwi.

Kwa hiyo upungufu mkubwa si kifaa. Programu hizi husoma maandishi yaliyochapwa. Picha ya chaki mara nyingi huzishinda. Mwalimu akiuchapa muhtasari wake kama ujumbe wa kawaida, mtoto asiyeona anausikia dakika ile ile. Kwa faili, lipo jaribio jepesi: weka kidole juu ya neno ukishikilie. Likichaguka, programu italisoma. Lisipochaguka, umemtumia picha.

La pili ni ruhusa. Skuli nyingi hukataza simu, na sababu zake wazazi tunazijua vizuri. Ila katazo hufuata sababu yake, na kwa mtoto huyu simu ni kama miwani. Inaweza kutolewa laini, ikatumiwa kwa visikizi, ikawa chini ya macho ya mwalimu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 24 kinataka mwanafunzi arekebishiwe mazingira kulingana na hali yake. Mzazi akienda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa hiyo, haombi hisani.

Hata hivyo, simu isifute nukta nundu. Anayesikia tu hajui neno linaandikwaje, na hesabu za kusikiliza ni mtihani kwa yeyote.

Na hapa tujilaumu wenyewe, kwani madrasa zetu hazijafika hata zilipofika skuli. Mtoto asiyeona huhifadhishwa kwa masikio, tukaona yatosha. Misahafu ya nukta nundu ipo, na husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, jambo ambalo ustadhi anapaswa kulijua kabla ya kumkosoa mtoto. Abdullah bin Ummi Maktum (Radhiya Allahu anhu) alikuja kutaka kufunzwa, na kisa chake kimo mwanzoni mwa Surat Abasa. Baadaye alikuwa mmoja wa waadhini wa Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam).

Je, zaka inafaa kununulia vifaa hivi? Ulemavu peke yake haumo katika mafungu 8 yaliyotajwa katika Surat At-Tawba. Ufukara na umasikini vimo. Mtoto wa familia isiyojiweza anastahiki, na kifaa kiwe mali yake. Lililo salama zaidi ni kumkabidhi mlezi wake fedha, akakinunua mwenyewe. Imam Nawawi ametaja katika Al-Majmu' kuwa mhitaji mwenye ufundi hupewa cha kununulia zana za kazi yake, na zana ya mwanafunzi haiko mbali na hapo.

Kompyuta itakayobaki darasani kwa ajili ya wote ni suala jingine, kwa sababu wanazuoni wengi wameshurutisha zaka imilikiwe na mwenye kustahiki. Hiyo itolewe kwa sadaka au iwekwe wakfu. Wengi wetu tunadhani wakfu ni shamba la minazi au nyumba ya Mji Mkongwe, ilhali katika madhehebu ya Imam Shafi hata kitu cha kuhamishika huwekwa wakfu, maadamu kinatumika na chenyewe kinabaki.

Wallahu a'lam.