MOSHI WA TOM MBOYA STREET HAUKULETWA NA MUNGU

Ndugu Wanachama,

Mtu apitaye Tom Mboya Street au River Road wakati wa jioni huona maduka yamejaa, barabara imejaa, na moshi umejaa. Mwenye gari lake hufunga kioo akapita. Lakini binti auzaye dukani, askari wa mlangoni, mchuuzi wa kando ya njia na makanga wa matatu hawana kioo cha kufunga. Wauvuta moshi huo tangu asubuhi mpaka usiku, nao ni wafanya kazi kama sisi.

Wakubwa husema ati hayo ndiyo maendeleo, mji ukikua hauna budi kutoa moshi. Si kweli. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema wazi ya kwamba moshi wa dizeli huleta saratani. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kanuni za hewa zilitangazwa mwaka 2014. Basi karatasi tunazo. Kinachokosekana ni nini?

Watu hupenda kumlaumu makanga. Mtazameni vizuri. Matatu yasimama stejini, injini yanguruma, yaenda mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo ili abiria adhani yaondoka sasa. Kwa nini? Kwa sababu jioni tajiri angoja hesabu yake kamili, na dereva na makanga hula kile kibakiacho tu. Mtu wa namna hiyo atazimaje injini? Atapata wapi pesa za fundi? Sheria za Bwana Michuki, zilizoanza kutumika mwaka 2004, zilitaka watu hao waajiriwe kwa mshahara wa mwezi. Hata leo wengi wanaishi kwa masalio ya hesabu. Moshi huo, ndugu zangu, ni jambo la mshahara.

Sasa tazameni dawa ya wakubwa. Desemba 2018 Kaunti ya Nairobi ilizifukuza matatu katikati ya mji. Watu wengi walilazimika kwenda kazini kwa miguu, na amri ikaondolewa upesi. Amri ile ilizigusa gari za abiria tu. Gari la mtu mmoja mwenye pesa liliendelea kuingia. Kusafisha hewa kwa miguu ya mfanya kazi si kusafisha. Ni kumwondoa maskini mjini ili tajiri apumue.

Wengine watatucheka: "Ninyi watu wa gari la moshi mwasemaje juu ya moshi?" Twajibu hivi. Mji huu ulizaliwa na reli mwaka 1899, na hata reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ilianza kwa dizeli. Hatujitoi. Lakini treni moja hubeba watu wa matatu nyingi, nayo huondoka kwa saa yake bila kungoja kujaa, kwa sababu dereva wake halipwi kwa vichwa vya abiria.

Kwa hiyo twataka haya:

1. Dereva na makanga walipwe mshahara wa mwezi kama sheria ilivyosema.

2. Injini zizimwe stejini, na kila gari lipimwe moshi, lori la mwenye duka na gari la mkubwa pia.

3. Kabla ya kuondoa matatu yo yote, ziwepo kwanza treni na mabasi ya umeme kwa nauli ya mfanya kazi. Mabasi hayo yapo Nairobi tangu mwaka 2022, na umeme wetu mwingi watoka katika mvuke wa ardhini, maji na upepo.

4. Vipimo vya hewa vibandikwe stejini, kwa Kiswahili, kila mtu asome.

Barabara hii ina jina la Tom Mboya. Kabla ya kuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi, alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Mji wa Nairobi. Uchafu wa mji na mshahara mdogo alivijua vyote viwili. Tusiliache jina lake juu ya kibao cheusi kwa masizi. Lileteni jambo hili katika mkutano wa tawi, na wenzetu wa matatu na wa madukani waalikwe.

Mimi wenu katika umoja,
Mfanya Kazi wa Reli, Nairobi