Magari ya Mikumi na Wageni Wasiofika

Barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa masafa yapatayo kilomita 50. Abiria wa basi huwaona twiga na nyati dirishani pasipo kulipa kiingilio, na pengine dereva hulazimika kusimama ili tembo wavuke. Kuanzia Aprili 12 hadi Mei 18, 2020, ndege za abiria kutoka nchi za nje zilipozuiwa kutua nchini, mabasi hayo hayakusimama hata siku moja. Yaliyosimama ni magari ya utalii.

Idadi ya watalii walioingia Tanzania ilikuwa 1,527,230 mwaka 2019. Mwaka 2020 ilishuka hadi 620,867. Wengi walilaumu ugonjwa, na ugonjwa kweli ulikuwako. Lakini ugonjwa hauelezi kwa nini barabara iliyojaa abiria ipite mbele ya magari matupu. Sababu nyingine, ambayo haikuzungumzwa vya kutosha, ni kwamba magari yale yaliundwa tangu karakana kwa ajili ya mgeni wa aina moja: atokaye mbali, anayelipa kwa dola, na anayesafiri na wenzake watano au sita chini ya paa la kunyanyuka. Mgeni huyo asipofika, gari halina kazi nyingine.

Tena gari lisilo na kazi halipumziki. Betri ya asidi na risasi hupoteza chaji polepole hata kama hakuna taa iliyowashwa. Chaji ikishuka, salfeti ya risasi iliyo juu ya mabamba hujikusanya kuwa fuwele ngumu, na fuwele hizo hazirudi kwa urahisi katika hali ya kutoa umeme. Joto la tambarare ya Mkata huharakisha uharibifu huo. Katika tangi lisilojaa, unyevu wa hewa hugeuka maji yakatuama chini ya dizeli, na pale maji yanapopakana na mafuta huota vijidudu vinavyoziba chujio. Tairi lililobeba uzito mahali pamoja kwa majuma mengi hubonyea. Diski za breki hushika kutu. Wenye magari wengi hudhani kwamba kuwasha injini dakika tano kila Jumamosi ni dawa. La hasha: injini isiyopata joto kamili huacha maji ndani ya oili, na betri huenda ikatumia umeme mwingi kuwasha kuliko inaorudishiwa. Gari huhifadhiwa kwa kuendeshwa, nalo haliwezi kuendeshwa pasipo abiria.

Shida hii si ya Mikumi peke yake. Meli za watalii katika mito ya Rhine na Danube ziliegeshwa tangu Machi 2020. Vyombo hivyo vimefungwa na mito yake: malango ya maji ya mfereji unaounganisha mito hiyo kupitia mto Main yana upana wa mita 12 tu, kwa hiyo meli hujengwa na upana wa mita 11 na kitu, ndefu na bapa, isiyofaa kwenda baharini. Wenye meli hawakuweza kuzihamisha. Walichoweza ni kubadili abiria: kiangazi hicho baadhi yao walianza tena safari kwa idadi ndogo ya watu, wakiwachukua wakazi wa nchi zile zile badala ya Wamarekani wasioweza kuvuka bahari. Mbinu nyingine walikuwa nayo kabla ya hapo. Maji ya mto yakipungua mno, meli mbili zinazofanana husimama kila moja upande wake wa kina kifupi, abiria wakavushwa kwa basi na kukuta vyumba vile vile upande wa pili. Jambo hilo huwezekana kwa sababu meli hizo zilichorwa zifanane.

Watu wa Kilosa hawahitaji kwenda Rhine kulielewa hilo. Mafuriko ya mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalipokula tuta la Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, safari za abiria zilianzia Dodoma. Mabehewa yaliyokuwa magharibi ya mahali palipokatika yaliendelea kufaa, maana reli yote hiyo ina upana mmoja wa milimita 1,000. Kinyume chake huonekana Kidatu, inakoishia njia itokayo Kilosa kupitia Mikumi: huko reli hukutana na ile ya TAZARA yenye milimita 1,067, na tofauti ya milimita 67 hulazimu mizigo ihamishwe.

Makampuni ya utalii yangekuwa yamejifunza tangu 1977. Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya Februari mwaka huo, wageni wengi wa Serengeti na Ngorongoro walikuwa wakiletwa kutoka Nairobi kwa magari ya huko. Magari yaliyokutwa upande huu yalizuiliwa, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Somo lililochukuliwa lilikuwa la umilikaji: kila nchi iwe na magari yake. Somo la pili, kwamba gari liweze kumchukua zaidi ya mgeni wa aina moja, liliachwa.

Hoja ya wapinzani ina uzito. Raia hulipa kwa shilingi, na gharama ya gari la viti sita ikigawanywa kwa watu sita humshinda mwalimu wa shule. Basi dogo la viti 25 lingeshusha mchango wa kila mmoja sana, lakini udongo mweusi wa Mkata ukilowa hulinasa. Hata hivyo, hayo ni matatizo ya uhandisi, nayo yana majibu. Tangu 2024 treni za reli mpya husimama Kilosa. Abiria wake huweza kufika Mikumi kwa njia ipitayo Ulaya. (Ndiyo, kati ya Kilosa na Mikumi kuna mahali paitwapo Ulaya. Wageni wa Ulaya hiyo hawakuzuiwa na mtu yeyote mwaka 2020.)

Kinachotakiwa ni bodi ambalo viti vyake vimefungwa kwenye reli za sakafuni, viweze kuongezwa au kuondolewa kwa spana asubuhi moja, juu ya chesisi yenye magurudumu manne yanayovuta. Mafundi wa mabodi wanaweza kulitengeneza. Kabla ya hapo yapasa kupima uzito utakaoongezeka juu ya ekseli ya nyuma, na uimara wa paa lililokatwa. Vyuo vya ufundi na idara za uhandisi za vyuo vikuu zina vifaa vya kupimia. Jaribio lenyewe lifanyike Mkata wakati wa masika, si Agosti udongo ukiwa mkavu.