Jua Halitatufulia Mto



Juma lililopita sisi wa mwaka wa sita tulisimamishwa njiani na mama mmoja aliyetoka kuteka maji. Alitua ndoo yake, akatuonyesha povu ndani. Akasema: «Batoto ba masomo, munafula bilamba kule juu, siye tunakunywa huku chini.» Hatukuwa na jibu. Sabuni ilikuwa mkononi mwetu.

Jioni, mwenzetu mmoja akajitetea: «Haina neno! Siku hizi kuna unga unaosafisha maji kwa jua tu.» Wengi wakafurahi. Basi tupime neno hilo.

Unga uko kweli. Mwaka 1967, kule Tokyo, Akira Fujishima, naye akingali mwanafunzi, alimulika dioksidi ya titani iliyo ndani ya maji, akaona gesi inatoka. Yeye na mwalimu wake Kenichi Honda waliandika habari hiyo katika gazeti la elimu mwaka 1972. Si kitu cha ajabu: ndiyo inayofanya rangi ya kupaka nyumba iwe nyeupe. Halafu wataalamu waliona kwamba mwangaza ukiupiga, unga huo unazaa ndani ya maji chembe kali sana, zinazorarua mafuta, rangi ya nguo, mabaki ya dawa, hata sabuni, mpaka ibaki sana-sana gesi kaboniki na maji. Unga wenyewe hauliwi na kazi hiyo. Ndiyo maana unaitwa katalizeri, kama tulivyofundishwa katika shimi. Kule Almería, Uhispania, wameujaribu miaka mingi kwa jua la nje.

Lakini tusipige vigelegele mapema. Kwanza, unga huo unataka mwangaza usioonekana kwa macho, iltraviole, na huo ni karibu sehemu 5 tu katika 100 za mwangaza wa jua. Maji yakiwa na matope, hauingii. Pili, unga ukimaliza kazi, inapasa kuuchuja utoke. Tatu, na hili ni letu watu wa Lualaba: shaba na kobalti hazirarukiwi kuwa gesi. Madini yaliyokutwa katika mto Luilu, upande wa Kolwezi, hayatamalizwa na unga wa namna hii.

Na zaidi ya yote, kazi hiyo inafanyika ndani ya beseni au mpira, si ndani ya mto unaokwenda. Mwenye kutaka kusafisha maji machafu sharti ayakusanye kwanza. Yetu yakiisha kuingia kijitoni, yanatelemka Lubudi, na Lubudi inaingia Lualaba. Nani atayarudisha?

Kwa hiyo, unga uje au usije, kazi ya kwanza ni ileile, nayo haitaki elimu kubwa. Tuhamishe pa kufulia mbali na kijito. Tuchimbe shimo, tuweke mawe na mchanga, maji ya sabuni yanywee udongoni. Tunaomba Bwana Prefe atupe majembe na Jumamosi moja.

Sisi wakubwa tutachimba wa kwanza, kwa sababu sisi ndio tuliokutwa na sabuni. Na kuanzia siku ile, mwenye kuonekana anafula kijitoni aandikwe jina, hata akiwa mmoja wetu.