Beyi ya jana haipimi muchezaji wa leo

Katika muji wa Uvira, kuanzia Kavimvira mupaka Kalundu, kuna ubishi mumoja kati ya wafuasi wa Manchester United ambao haujapata mwisho. Ni ubishi juu ya beki Aaron Wan-Bissaka. Wamoja wanasema timu ilitupa feza, wengine wanasema timu ilitupa mutu. Toka mwaka 2025, wakati Wan-Bissaka alivaa jezi ya Leopards, ubishi huo umewaka upya. Sasa yeye ni mutoto wa nyumbani, na hata wafuasi wa Arsenal na wa Chelsea wana neno la kusema.

Mambo yenyewe yanajulikana. Mwezi wa 6, mwaka 2019, Manchester United ilimununua kutoka Crystal Palace kwa pauni milioni 45, pamoja na nyongeza ambayo iliweza kufikisha beyi kwenye milioni 50. Alikuwa na miaka 21, na alikuwa amecheza musimu mumoja tu muzima katika ligi kuu ya Uingereza. Alikaa Manchester miaka 5, akacheza mechi 190, akafunga magoli 2. Mwezi wa 8, mwaka 2024, aliuzwa West Ham kwa pauni karibu milioni 15. Mama anayeuza ndagala sokoni anaweza kufanya hesabu hiyo bila kalamu: zaidi ya milioni 30 hazikurudi.

Wafuasi wengi wanamaliza hesabu yao hapo. Lakini ni hapo hesabu ya kweli inapaswa kuanza.

Feza iliyokwisha kutoka haiwezi kutoa shauri juu ya kesho. Tufani ya ubishi wote inatoka katika kusahau jambo hilo moja. Muvuvi wa Kalundu akinunua motere ya mutumbwi kwa beyi kali, kisha akaona kwamba ni motere ya kawaida tu, ana majaribu mawili. La kwanza ni kusema: "Nitaitumia mupaka feza yangu irudi." La pili ni kuiuza kwa hasira kwa mutu wa kwanza anayepita, ili asiione tena. Yote mawili yanaangalia nyuma. Mbele ya kuingia ziwani jioni, muvuvi mwenye akili anajiuliza mambo ya leo: motere hii inakunywa esanse kiasi gani? Inamufikisha kwenye samaki na kumurudisha? Ile ingine ambayo angenunua pahali pake inauzwa beyi gani, na iko kweli nzuri zaidi?

Timu kubwa za Ulaya zinafanya vilevile katika vitabu vyao vya hesabu. Beyi ya muchezaji inagawanywa kwa miaka ya mukataba wake. Milioni 50 kwa mukataba wa miaka 5 ni milioni 10 kila mwaka. Kwa hiyo, katikati ya mwaka 2024, sehemu kubwa ya beyi ya Wan-Bissaka ilikuwa imekwisha kuhesabiwa. Mukataba wake ulikuwa umeongezwa mwaka mumoja tu, mupaka mwaka 2025. Timu ilikuwa na njia mbili: kupokea milioni 15 sasa, ao kumulipa mushahara mwaka mumoja tena na kumuona akienda bure. Katika juma lile lile, Manchester United ilimununua beki wa Maroko, Noussair Mazraoui, kutoka Bayern Munich, kwa beyi iliyokaribiana na ile iliyopokea.

Basi ulizo la wafuasi lilipaswa kuwa hili: kwa kazi inayoombwa leo, ni nani atasaidia zaidi, Mazraoui ao Wan-Bissaka? Juu ya ulizo hilo, watu wanaweza kubishana na kila mumoja akawa na haki. Lakini kusema "alinunuliwa milioni 50, lazima abaki" ao "alinunuliwa milioni 50, lazima aondoke" si kujibu ulizo hilo.

Wale wanaosema alikuwa muchezaji wa kawaida hawasemi uongo. Beki wa kuume katika timu kubwa ya leo anaombwa kupanda, kutuma mipira mbele ya goli, na kusaidia katikati wakati timu yake iko na mupira. Katika kazi hiyo Wan-Bissaka hakuwatisha wapinzani, na magoli 2 katika mechi 190 yanasema jambo fulani. Kocha Erik ten Hag alipofika mwaka 2022, miezi ya kwanza karibu hakumutumia.

Lakini kuna upande mwingine ambao haupaswi kusahauliwa. Tarehe 26, mwezi wa 2, mwaka 2023, katika fainali ya Kombe la Ligi kule Wembley, winga Allan Saint-Maximin wa Newcastle alikuwa anamusumbua Diogo Dalot. Baada ya mapumuziko, Ten Hag alimuingiza Wan-Bissaka. Mulango ukafungwa, na Manchester United ikashinda 2 kwa 0. Tarehe 25, mwezi wa 5, mwaka 2024, katika fainali ya Kombe la FA, alianza mechi upande wa kuume na timu yake ikaishinda Manchester City 2 kwa 1. Hata miezi 3 haikupita mbele ya kumuuza. Muchezaji anayekata mipira kwa muguu murefu namna ile, anayemunyima winga usingizi, hayuko muchezaji wa kawaida katika kila kazi. Yuko wa kawaida katika kazi moja, na wa juu katika kazi ingine. Timu inayokaa na mupira muda murefu inahitaji sana ile kazi ya kwanza. Timu inayoshambuliwa sana inahitaji ile ya pili.

Kuna pia neno la haki. Mufuasi anayelipa franka zake kwa kuangalia mechi katika chumba cha video, akipiga hesabu ya esanse ya jenereta, ana haki ya kuomba mengi kutoka kwa mutu wa milioni 50. Hilo linaeleweka. Lakini Wan-Bissaka hakuandika beyi hiyo. Crystal Palace iliiomba, kwa sababu haikuwa na haraka ya kuuza kijana wake, na wakubwa wa Manchester waliikubali. Kama kuna lawama juu ya beyi, iende kwa wale walioweka sahihi. Muchezaji aulizwe juu ya yale anayofanya uwanjani.

Sasa ubishi umehamia kwa Leopards, na kosa limegeuka upande. Wan-Bissaka alizaliwa London katika familia yenye asili ya Kongo. Mwaka 2015 alikuwa amecheza na vijana wa Kongo wenye chini ya miaka 20, kisha akachezea vijana wa Uingereza, na mwaka 2025 akarudi. Shirikisho la Kongo halikumununua kwa timu yoyote. Wale wale waliosema hastahili milioni 50 wanasema leo kwamba lazima acheze kila mechi, kwa sababu mutu wa milioni 50 hawezi kukaa kwenye benchi. Ni beyi ya mwaka 2019 tena inayosema pahali pa macho.

Gédéon Kalulu ni mufano muzuri. Katika Kombe la Afrika lililochezwa kule Côte d'Ivoire mwanzoni mwa mwaka 2024, ni yeye aliyeshika upande wa kuume, na Leopards wakamaliza katika nafasi ya 4. Hakuna aliyekuwa anataja beyi yake katika mabarabara ya Uvira. Kocha Sébastien Desabre anapaswa kuchagua kati ya watu hao kwa kuangalia miguu yao ya leo na winga watakayekutana naye.

Na kama kuna mutu anayezania kwamba muchezaji aliyewekwa kando na timu yake amekwisha, amuangalie kapiteni Chancel Mbemba. Newcastle ilimununua mwaka 2015, na baada ya miaka 3 akaondoka kule bila watu wengi kumulilia. Huko Marseille aliwekwa kando katika musimu wa 2024-2025. Lakini tarehe 13, mwezi wa 11, mwaka 2025, kule Rabat, katika dakika za nyongeza, ni yeye aliyefunga goli lililoiondoa Cameroun katika safari ya Kombe la Dunia. Siku 3 nyuma yake, mbele ya Nigeria, ni yeye aliyepiga penalti ya mwisho iliyowapa Leopards ushindi.

Mambo haya hayahusu Manchester peke yake. Kando ya ziwa, kutoka Uvira mupaka Makobola na Baraka, timu za kartie zinaishi kwa muchango wa wafuasi. Feza hiyo inatoka kwa waendesha moto, kwa wavuvi, kwa wamama wa soko, katika muji uliopitia mafuriko ya muto Mulongwe mwaka 2020 na ambao vita havikuuacha. Wakati timu inakusanya muchango huo ili kuleta muchezaji kutoka Bukavu ao Bujumbura, kisha akaonekana wa kawaida, watu wanagawanyika vilevile. Wamoja wanataka achezeshwe kwa nguvu ili muchango usipotee. Wengine wanataka afukuzwe kwa matusi.

Kamati inayotaka kulinda feza ya watu ingeanza na maulizo 3 mbele ya kuamua. Imebaki kumulipa kiasi gani kuanzia leo? Anafanya kazi gani ambayo vijana wa kartie hawawezi kufanya? Na kama anaondoka, ni nani anaingia, na kwa beyi gani? Muchezaji akipita maulizo hayo, abaki, hata kama beyi yake inauma. Akishindwa, aondoke kwa heshima, na nafasi yake apewe kijana wa Mulongwe ao wa Kasenga ambaye kila jioni anacheza bila viatu, na ambaye mupaka leo hakuna aliyetaja beyi yake.