Ufagio Hauulizi Kiingereza



Tuanze na tangazo la kazi. Lilibandikwa kwenye ukuta wa duka ambako wengi wetu hapa mjini hununua unga wa ugali, na mwenye tangazo ni mwenzetu, mtu wa nyumbani, aliyejikusuru hadi akafungua kampuni ndogo ya usafi wa ofisi. Kazi yenyewe ni ya usiku: kumwaga taka, kudeki korido na kusafisha vyoo, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, majengo yakiwa matupu. Sharti la kwanza katika tangazo lile lilikuwa Kiingereza fasaha. Tulimuuliza, fasaha cha kuzungumza na nani saa nane ya usiku? Akacheka. Akasema, "Nyie hamjui tu. Nisipoandika hivyo watanijazia Wamexico watupu."

Kauli hiyo ndiyo iliyotukalisha kuandika. Sisi ambao jana tulikuwa tunabeba maboksi, leo baadhi yetu tumekuwa wasimamizi wa shifti, mameneja na wenye kampuni za usafi na za kuangalia wazee. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini nyani haoni kundule. Wangapi kati yetu tulipiga simu ya kuomba kazi, tukasikia upande wa pili ukitulia kidogo kwa sababu ya lafudhi yetu, kisha tukaambiwa nafasi imeshajazwa? Tulirudi vyumbani tukalalamika hadi usiku wa manane. Leo simu tumeishika sisi.

Kwanza tuwaondoe hao "Wamexico" vinywani. Anayezungumza Kihispania anaweza kuwa ametoka Honduras, Venezuela, El Salvador au Jamhuri ya Dominika. Mtu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani kwa sheria ya mwaka 1917. Hahitaji viza kufika Florida, kama mtu wa Tanga asivyohitaji viza kufika Moshi. Na yuko Mguatemala ambaye lugha ya mama yake ni Kimam au Kik'iche', ambaye Kihispania alikikuta shuleni, kama Msukuma alivyokikuta Kiswahili. Sisi tunaoudhika kuulizwa kama "Kiafrika" ni lugha ngumu, tulipaswa kuwa wa kwanza kuyaelewa haya.

Wenzetu wana hoja zao. Wanasema, "Sisi mbona tulijifunza?" Tusidanganyane. Kiingereza chetu wengi hatukukitafuta; tulikikuta darasani kwa kuwa Mwingereza ndiye aliyetutawala. Wao walitawaliwa na Mhispania, wakaachiwa Kihispania. Hiyo ni ajali ya historia, na hakuna mtu wa kupewa nishani kwa ajali. Tena tangazo lile lile linamfungia mlango ndugu yetu wa Bukavu au Bujumbura, aliyekuja na Kiswahili na Kifaransa baada ya miaka ya kambini. Huyo naye tumwambie arudi akishakuwa fasaha? Atakula nini wakati anajifunza?

Wengine wanasema ni suala la usalama: asiyeelewa lugha atachanganya dawa za kusafishia aungue. Hatari hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake ni kumfundisha kwa lugha anayoielewa. Mwaka 2010, OSHA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama kazini, iliwakumbusha waajiri kwamba mafunzo ya usalama lazima yatolewe kwa namna na lugha ambayo mfanyakazi anaielewa.

Wapo pia wanaotaja amri ya Rais Trump ya tarehe 1 Machi 2025 iliyotangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi. Amri hiyo ilielekezwa kwa idara za serikali. Haikumwagiza mwenye kampuni ya usafi kumfukuza mtu mlangoni. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, ambayo inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi, inakataza kumnyima mtu kazi kwa sababu ya asili ya taifa lake. Kudai Kiingereza pale kazi inapokihitaji kweli ni halali. Kukiweka kama uzio wa kuwachuja watu wa taifa fulani ni jambo jingine, na mwenzetu alitutamkia nia yake kwa kinywa chake.

Sheria ya mwaka 1986 nayo ilitupa fomu ya I-9. Fomu hiyo hujazwa baada ya mtu kukubaliwa kazi, na mfanyakazi ndiye anayechagua aonyeshe hati zipi kati ya zilizoorodheshwa. Bosi anayemdai José kadi ya kijani siku ya kwanza, huku John akipita na leseni ya gari na kadi ya Social Security, anavunja sheria hata kama anadhani anaitii.

Basi tufanye nini? Tuandike katika tangazo kile tu ambacho kazi inahitaji, kwa Kiingereza na Kihispania, tukitaja na mshahara. Fomu nayo iwe kwa lugha zote mbili. Tujifunze majina yao: wengi wana majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama, ndiyo maana Gabriel García Márquez hutafutwa kwenye herufi G, si M. Sisi ambao kompyuta za hapa zimetugeuza babu zetu kuwa "jina la mwisho" tunajua adha ya kupotezewa faili. Badala ya kumhoji mtu wa kudeki jinsi anavyojieleza, tumpe ndoo na mopu nusu saa, tumlipe nusu saa hiyo, tuone kazi yake.

Na tukimtumia mfanyakazi wetu ajuaye Kihispania kutafsiri kwenye usaili, tumlipe kwa ukalimani wake. Kutafsiri ni kazi. Wangapi wetu tumetafsiri hospitalini na shuleni tukaambulia asante?

Nyumbani tulifundishwa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa Marekani wote ni wageni, ila mmoja wetu alitangulia kidogo na sasa ameshika ufunguo wa mlango. Tunamwomba ndugu yetu wa lile tangazo alibandue, aandike jingine. Akitaka msaada wa Kihispania, tumeshampata mtu wa kuliandika. Ni jirani yetu kutoka Honduras, na bado anatafuta kazi.