Ndege Yetu Iliyohifadhiwa Surrey

Jirani yangu mmoja hapa Mbezi Luis, mzee wa makamo ya baba yangu, ana spana nne ambazo haruhusu mtu kuzigusa. Amezifunga kwa kitambaa chenye mafuta na kuzitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, ingawa tangu nimfahamu sijamwona akifungua kitu kikubwa kuliko pampu ya kisima. Kabla ya mwaka 1977 alikuwa fundi wa injini katika karakana ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, Embakasi, Nairobi. Nilipomuaga mwaka jana kwamba nakwenda Uingereza kwa mkutano wa kitaaluma, hakuniagiza koti wala simu. Alisema tu, "Dokta, ukipata wasaa fika Weybridge. Ndiko zilikozaliwa ndege zetu."

Basi siku ya mwisho ya mkutano, badala ya kwenda kupiga picha kwenye madaraja ya London kama walivyofanya wenzangu, nilipanda treni ya kuelekea Surrey.

Makumbusho ya Brooklands yamejengwa mahali palipokuwa uwanja wa mashindano ya magari uliofunguliwa mwaka 1907, na baadaye kiwanda cha ndege cha Vickers. Si jengo moja la fahari. Ni mabanda, nyasi, kipande cha barabara ya zamani ya mashindano iliyoinama kama ukuta, na ndege zilizoegeshwa nje zikinyeshewa mvua. Wanaokupokea wengi ni wazee wa kujitolea. Yupo Concorde. Ipo pia ndege ya kivita aina ya Wellington iliyotua kwa dharura katika ziwa Loch Ness, Scotland, siku ya mwisho ya mwaka 1940, ikazama, ikalala chini ya maji miaka 45, hadi ilipoibuliwa mwaka 1985 na kuletwa hapo kufanyiwa ukarabati. Nilisimama mbele ya mbavu zake za chuma zilizolika nikajiuliza ni watu wa namna gani wanaopeleka kreni ziwani kufuata chombo kisichoweza tena kuruka.

Lakini mimi nilikuwa nimetumwa. Nikaitafuta VC10.

Iliyopo pale ni ile iliyokuwa ndege binafsi ya Sultani Qaboos wa Oman, ambayo aliikabidhi kwa makumbusho mwaka 1987. Mgeni anaruhusiwa kuingia ndani. Nilipita kwenye viti vya kifalme, nikafika hadi chumba cha marubani, na nilipokuwa nashuka ngazi mzee mmoja wa kujitolea akaniuliza natoka wapi. Nilipomjibu, uso wake ulibadilika. Akaniuliza kama naijua Five Hotel Mike Oscar Golf. Nikakiri kwamba siijui. Akaniambia, kwa upole wa mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi mvivu, kwamba hiyo ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa duniani, kati ya 54 zilizoundwa, na kwamba ilikuwa ya kwetu.

Ndugu msomaji, ukitazama ubavu wa ndege yoyote iliyosajiliwa Tanzania utaona herufi 5H. Kenya ni 5Y, Uganda ni 5X. Shirika la Afrika Mashariki lilinunua Super VC10 tano, likazigawa kwa usajili baina ya nchi tatu kama ndugu wanavyogawana majina ya babu. Moja, ya usajili wa Uganda, ilianguka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, na watu 43 wakapoteza maisha. Nne zilibaki. 5H-MOG, ya mwisho, ilikabidhiwa kwetu mwaka 1970.

Aina hii ya ndege yenyewe ina historia inayotuhusu zaidi ya kuwa wanunuzi. Waingereza waliibuni kwa ajili ya viwanja kama vya kwetu. Nairobi iko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua likiwaka huwa nyepesi zaidi, hivyo bawa hupata kani ndogo ya kuinulia na injini hupungukiwa nguvu. Ndege kubwa za wakati ule zilihitaji njia ndefu mno ya kurukia, au ziache abiria na mizigo nyuma. Wahandisi wa Vickers wakaziondoa injini zote nne kwenye mabawa na kuzipeleka mkiani, ili bawa zima libaki huru kwa kazi moja tu ya kunyanyua. Kwa maneno mengine, umbo lile ambalo leo Waingereza hulitazama kwa mapenzi kama urembo wa kwao, lilichorwa na joto na miinuko ya Afrika. Katika miaka yangu yote ya shule, kuanzia ya msingi hadi shahada ya uzamivu, hakuna mtu aliyewahi kunieleza jambo hili.

Mwanzoni mwa 1977 shirika likafa. Madeni yalikuwa yamelielemea, serikali wanachama zilikuwa zikituhumiana kuhusu michango na fedha zisizopelekwa, na Kenya ikaanzisha shirika lake. Sisi tukaanzisha letu mwezi Machi mwaka huo huo. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa hadi 1983. Zile Super VC10 nne zilirejea kwa mtengenezaji, kisha Jeshi la Anga la Uingereza likazinunua na kuzigeuza kuwa ndege za kujazia nyingine mafuta zikiwa angani. Ndiyo kusema kwamba ndege zilizobeba mahujaji wetu, wanafunzi wetu na mawaziri wetu ziliishia kuhudumu katika kikosi kilichokwenda Vita ya Ghuba ya 1991. Mwezi Septemba 2013, 5H-MOG, sasa ikiwa na namba ya kijeshi ZA150, ilitua kwa mara ya mwisho katika uwanja wa Dunsfold, mwendo mfupi kutoka Brooklands, ikakabidhiwa kwa wahifadhi.

Hoja yangu si kwamba turudishiwe. Hatukuibiwa. Tulishindwa kulipa, mwenye mali akachukua, na huko ilikoenda imetunzwa kuliko ambavyo tungeitunza sisi. Ninachouliza ni kwa nini habari hii nilipaswa kuisimuliwa na mzee wa Kiingereza chini ya mwavuli.

Tangu mwaka 2016 Serikali yetu imenunua ndege mpya, moja baada ya nyingine, na kuzikodisha kwa ATCL kupitia Wakala wa Ndege za Serikali. Mapokezi yake tunayakumbuka: ngoma, hotuba, wanafunzi waliosimamishwa juani, maji yakirushwa juu kama tao. Ile Boeing 787 ya kwanza ilipotua Julai 2018, nchi nzima ilikuwa mbele ya televisheni. Mwaka baada ya mwaka, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zikaja kutuonesha hasara. Wanaozisifu ndege huwaita wakosoaji wasaliti. Wakosoaji nao huwaita wenzao machawa. Katika mabishano yote hayo sikumbuki kumsikia mbunge au mwanaharakati, wa upande wowote, akisema: tuliwahi kuwa na shirika la ndege lililoruka London na Bombay, lilikufa, na haya hapa ndiyo mambo yaliyoliua. Tunabishana kuhusu mgonjwa wa pili bila kulisoma faili la marehemu wa kwanza.

Na faili hilo limo mikononi mwa wazee. Wengi wetu tuliwajua kama kero ya foleni: wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, waliokuwa wakikesha na kuandamana katikati ya Dar es Salaam wakidai mafao yao. Tuliwaona wakiwa wamelala barabarani, tukapiga honi. Hatukujiuliza kwamba miongoni mwao kulikuwa na watu waliofungua injini za Rolls-Royce Conway kwa mikono yao na kuzifunga tena, na ndege ikaruka.

Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert yanahifadhi fuvu la Zinjanthropus na magari waliyotumia viongozi wetu. Ni vema. Lakini baina ya fuvu la zaidi ya miaka milioni moja na nusu na gari la kifahari la Rais hakuna fundi. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hukilinda moja kwa moja kifaa kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Vya baadaye vinasubiri Waziri avitangaze. Ndege, kwa hiyo, haiwezi kuwa urithi wetu hadi mtu mwenye kalamu aamue hivyo, na mtu huyo lazima kwanza ajue kuwa ipo.

Si ndege tu. Mwanzoni mwa miaka ya sitini Wamarekani walijenga kituo cha mawasiliano huko Tunguu, Unguja, kwa ajili ya mradi wao wa kwanza wa kupeleka binadamu angani. Chombo kinachozunguka dunia kwa kasi ya kilometa 28,000 kwa saa huonekana na kituo kimoja kwa dakika chache tu, kisha hutoweka nyuma ya upeo wa macho; ndiyo maana walihitaji mlolongo wa vituo kuuzunguka ulimwengu, na Afrika vikawa Kano na Zanzibar. John Glenn alipozunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, mapigo ya moyo wake yalisomwa Unguja. Wenyeji wengi walikitilia shaka kituo hicho, wakidhani ni cha makombora, na katika dunia ya wakati ule shaka hiyo haikuwa ya kijinga. Mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi, kilifungwa na mitambo ikaondolewa. Kaskazini mwa hapo, Ngomeni karibu na Malindi, setilaiti ya kwanza duniani iliyojengwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Muulize mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa pili kama amewahi kuisikia. Mimi nimewauliza.

Najua jibu nitakalopewa, maana nimeshalipata kwenye kikao cha mtaa: "Dokta, watu hawana maji, wewe unataka makumbusho." Sisi wa Mbezi tunajua maana ya bomba linalotoa upepo, kwa hiyo sitaidharau hoja hiyo. Lakini aliyesema hivyo alikuwa amerudi siku hiyo kutoka kupokea ndege. Sidai jengo la mabilioni. Nadai mambo yaliyo ndani ya uwezo wa ofisi zilizopo. Wakala wa Ndege za Serikali uwekewe sharti kwamba kabla ya kuuza chuma chakavu cha ndege yoyote ya umma, Makumbusho ya Taifa yapewe nafasi ya kwanza. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, ambacho tayari kinafundisha mafundi wa ndege pale Mabibo, kitenge banda moja. Na vijana wa vyuo vyetu, wanaohangaika kutafuta mada za tasnifu, waende na kinasa sauti kwa wazee hawa mwaka huu. Mwaka ujao watakuwa wachache zaidi. Ndani ya banda hilo ningependa pia kuona kona ya Bukoba, ya tarehe 6 Novemba 2022, pamoja na majina ya wote 19 waliofariki ziwani na habari za wavuvi waliowahi kufika kwa mitumbwi yao.

Niliporudi nilikwenda kumwamkia mzee wangu, nikampa simu aitazame picha. Alivaa miwani, akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii si yetu," akasema. "Hii ni ile fupi. Yetu ilikuwa Super, iliizidi hii kwa meta nne."

Nikamwambia ni ya Sultani, na kwamba yetu iko Dunsfold, mwendo mfupi kutoka hapo. Akanirudishia simu. Akaniuliza kama, kwa kuwa nilikuwa karibu hivyo, nilishindwa nini kufika.